Hatukusafiri Kwenda Kulinda Mabegi



Leo hatuleti mapishi wala mishono ya Idi. Leo tumekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa mabegi.

Mwezi wa Juni, likizo ya skuli, tulikwenda Malaysia. Ilikuwa safari ya biashara na ya familia kwa pamoja. Siku za mwanzo tulikuwa Kuala Lumpur, tukizunguka maduka ya vitambaa ya Jalan Tuanku Abdul Rahman, maana kazi yetu ni kushona na kuuza mavazi ya stara na ya harusi. Kazi ilipokwisha tukapanda gari kwenda jimbo la Pahang, kwenye kijiji kinachoitwa Kuala Tahan. Ukivuka mto tu kutoka kijijini, unaanza msitu wa Taman Negara. Tulikuwa watu wanane: baba watoto na kaka yake, mama yao mzazi, dada yao, sisi wenyewe na watoto watatu.

Siku ya kutembea msituni tulikunywa chai kwenye mikahawa inayoelea juu ya mto. Jioni yake tulikuwa tunahama pale tulipolala, kwa hiyo mabegi yote tulikuwa nayo, pamoja na lile la vitambaa. Chai ilipokwisha shemegi akasimama, akavaa mkoba wake mgongoni, akasema kwa upole kabisa: "Nyinyi wanawake pumzikeni hapa, pana kivuli na chai. Mtuangalizie mabegi. Saa tisa tutakuwa tumesharudi."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo desturi, na desturi haihitaji ukali. Baba watoto akamshika mkono mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja, akampakata begani yule mdogo wa miaka mitano. Binti yetu wa miaka tisa akainuka naye, viatu vyake vya raba tayari amevifunga kamba. Akaambiwa: "Wewe mwanangu kaa na mama."

Akauliza: "Kwani mimi nimefanya kosa gani?"

Dada zetu, pale mezani hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu. Mtoto wa miaka mitano, ambaye atabebwa nusu ya njia, anakwenda. Wa miaka tisa, mwenye miguu yake mizima, anabaki. Na sisi mama yake tulikuwa tumeshanyoosha mkono kulivuta begi karibu na kiti, kama tulivyozoea. Mkono ulikwenda wenyewe.

Aliyetuokoa ni bibi yao. Alikuwa bado ana kikombe mkononi. Akasema: "Mabegi hayana miguu. Kayawekeni pale tulipolala, twende sote."

Basi tukayapeleka. Mhudumu akayaweka nyuma ya kaunta, akatupa kikaratasi chenye namba. Hakudai hata senti. Kazi yote ilichukua dakika tano.

Dakika tano! Ni mara ngapi tumebaki nyuma kwa jambo la dakika tano? Forodhani tumelinda viatu. Nungwi tumelinda nguo za waliokwenda kuogelea. Ukweni tumelinda sufuria. Kitafute kitabu cha picha za safari zenu za miaka yote uangalie. Baba yumo, watoto wamo, shemegi yumo. Mama ama ndiye aliyepiga picha, ama alikuwa amekaa na mizigo.

Kisingizio cha stara

Ukimuuliza mtu kwa nini mwanamke wa Kiislamu asiingie msituni, jibu la kwanza ni stara. Hilo tunalijibu sisi kama mafundi, kwa sababu nguo ni kazi yetu, na kwa sababu siku ile tuliaibika.

Tulivuka mto kwa boti ndogo, tukalipa ringgit chache za kibali kwenye ofisi ya hifadhi, tukaanza kupanda. Njia ya mwanzo imetengenezwa kwa mbao, ina ngazi nyingi. Tulivaa baibui letu zuri jeusi, la kitambaa kizito, upindo mpana unaofagia chini. Sisi wenyewe tuliushona, na tumeshawauzia wengi. Hatukumaliza nusu saa. Upindo ukanasa kwenye msumari wa ngazi, tukaanguka kwa magoti huku tumemshika binti mkono, naye akaburutika pamoja nasi. Alhamdulillahi hakuumia. Baibui lilichanika kuanzia kwenye upindo hadi gotini.

Tulikaa kwenye benchi tukatoa sindano na uzi, maana fundi hatembei bila sindano. Pale ndipo tulipojiuliza: nguo hii tumeishona ili mwanamke afanye nini? Asimame, aingie ukumbini taratibu, apigwe picha na akae. Hatukuishona atembee. Kumbe tunashona nguo ya kukaa, kisha tunasema dini ndiyo iliyomkataza mwanamke kutembea.

Dini imetaka mwili usitirike, nguo isibane wala isioneshe. Haikusema upindo ufagie njia. Na ukitaka ushahidi, tulikutana na akina mama wa Kimalay wakishuka kilima, wengine wazee kuliko sisi. Wamevaa tudung zao, mikono mirefu, suruali pana na viatu vya raba. Walikuwa wamestirika kutuzidi sisi, maana wao hakuna kilichochanika.

Kwa hiyo tunawapa mshono huu bure, mpelekeeni fundi yeyote:

Gauni liishie katikati ya muundi, chini ya goti. Liwe pana, na pembeni liwe na mipasuo miwili iliyozibwa kwa kipande cha pembetatu, ili mguu ufunguke kupanda ngazi bila mwili kuonekana. Ndani yake suruali pana ya kitambaa hichohicho, yenye lastiki kwenye kifundo cha mguu. Mikono iwe mirefu na lastiki kwenye kiwiko cha mkono, ili ukitia udhu uipandishe na ukimaliza ishuke yenyewe. Mtandio uwe wa jezi, ule unaovutika, usiohitaji pini, na ncha zake zichomekwe ndani ya gauni. Shifoni na satini ziacheni kwa ajili ya ukumbi. Pamba tupu ni nzuri kwa joto la Unguja, lakini ikilowa mvua na jasho haikauki upesi na inalemea. Chagueni kitambaa chepesi cha mchanganyiko, kisichoonesha ndani, kinachokauka haraka. Rangi iwe ya kijani kibichi au kahawia, matope hayataonekana. Soksi ziwe ndefu, na suruali iingie ndani ya soksi kwa sababu ya ruba.

Ndiyo, ruba wapo. Ni wembamba kama uzi wa sufi, na wakishashiba wananenepa. Ukimkuta amekuganda usipige kelele. Mpitishie ukucha pale alipong'ata, ataachia. Damu itatoka kidogo na itachelewa kukata, kwa sababu ruba ana kitu anachokitia kinachozuia damu kuganda. Wifi yetu alilia kwamba udhu wake umetenguka. Kwa madhehebu yetu ya Shafii damu ya jeraha kama hiyo haitengui udhu. Unaosha palipochafuka, unaendelea.

Kisingizio cha ibada

Wengine watasema: je, sala? Mwanamke atasali wapi msituni? Utadhani wanaume wao wanasali angani.

Malaysia ni nchi ambayo chumba cha sala, wanakiita surau, kipo karibu kila mahali watu wanapokusanyika. Tuliporudi kijijini mchana tulitia udhu, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili, kama ruhusa ya msafiri ilivyo. Binti akashangaa kwamba kibla cha kule ni upande wa magharibi, wakati kwetu Zanzibar tunaelekea kaskazini. Tukamchorea ardhini: Makka katikati, sisi tuko chini yake, Malaysia iko kulia kwake. Somo lile lisingemfikia kama angebaki mkahawani akihesabu mabegi.

Na tukiizungumza ibada, tuizungumze yote. Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tutazame. Amri ile haikuandikiwa wanaume peke yao. Kila anayehiji, mwanamume na mwanamke, anafuata nyayo za Bi Hajar, mwanamke aliyekuwa peke yake bondeni na mtoto mchanga, akapanda Safa na Marwa akitafuta maji. Mizunguko saba ile ukiijumlisha ni karibu kilomita tatu. Hakuna shekhe anayewaambia wanawake wakae hotelini Makka walinde mabegi.

Na Mtume, rehma na amani zimshukie, imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba alikuwa safarini na Bi Aisha akashindana naye mbio. Bi Aisha akashinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, walishindana tena, na safari hiyo Mtume akamshinda, akamwambia hii ni kwa ile. Waume zetu wanaijua hadithi hii na wanacheka wakiisikia kwenye mawaidha. Tunawauliza: nyinyi mara ya mwisho mlitembea lini na wake zenu mahali pasipo na duka?

Tulichokikuta ndani

Sasa tuwaeleze kilichokuwa ng'ambo ya mto, mjue tulikuwa tunakosa nini.

Taman Negara kwa Kimalay maana yake ni hifadhi ya taifa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,343, umegusa majimbo matatu: Pahang, Kelantan na Terengganu. Chukua Unguja na Pemba uziweke pamoja, bado msitu ule unazidi. Umri wake unatajwa kuwa miaka milioni 130. Sisi tulizoea kusema mti wa mwembe mkongwe kwa sababu aliupanda babu.

Ndani si giza kama kwenye filamu. Jua linashuka vipande vipande, na joto lina unyevu kama jikoni kwenye shughuli ya harusi. Kuna sauti usizojua zinatoka wapi. Miti mingine mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta, binti akijificha nyuma ya mzizi mmoja humuoni. Kuna mti unaitwa tualang, unaweza kufika mita 80, na nyuki wanapenda kujenga masega kwenye matawi yake ya juu. Bibi alikaa chini ya mti mkubwa, akaegemeza kichwa nyuma kutazama juu, akasema subhanallah, kisha akanyamaza muda mrefu. Hatujawahi kumuona mama yule akikaa bila kuulizia mtu kama amekula.

Bibi hakupanda kilima chote. Ana zaidi ya miaka sitini na magoti yanamsumbua. Alifika kwenye kituo cha mapumziko, akasema hapa panamtosha, na wifi akabaki naye kwa hiari yake. Sisi tukaendelea mpaka juu ya Bukit Teresek, kilima cha zaidi ya mita 300. Milima ilikuwa imepangana mbele yetu, mmoja nyuma ya mwengine. Kiongozi wetu akatuonesha uliko Gunung Tahan, mlima mrefu kuliko yote ya Malaysia ya bara, mita 2,187. Binti alifika juu kabla ya kaka yake. Yule wa miaka mitano alifika amelala begani.

Tukapita pia kwenye madaraja ya kamba yaliyofungwa juu kwenye miti, kwenye vipande vilivyokuwa wazi siku hiyo. Pengine unakuwa karibu mita 40 juu ya ardhi, ubao mmoja tu chini ya miguu, kamba pande mbili. Tuwaambie ukweli, tuliogopa. Tulisoma kila dua tunayoijua. Shemegi naye aliogopa, na katikati ya daraja tulimsikia akisoma kwa sauti kuliko sisi. Hatumcheki. Tunasema tu kwamba woga hauna mwanamume wala mwanamke, na yeye hakuna aliyemwambia abaki na mabegi kwa sababu anaogopa.

Kiongozi alitueleza habari za Wabatek, wenyeji wanaoishi ndani ya msitu ule tangu zamani. Wanawake wao huingia msituni kuchimba viazi vikuu vya mwitu, na watoto wanao. Kwa hiyo hilo la kwamba msitu ni wa wanaume, hata wenye msitu wenyewe hawalijui.

Na sisi tuna kesi ya kujibu

Tusiwalaumu wanaume peke yao. Wanawake wangapi tunasema kwa sauti ya kujivuna, "Mimi msituni siwezi," kama vile kutoweza ni pambo? Tunapanga safari, tunauliza kuna maduka gani, tunarudi na mabegi manne na hatujui hata mto uliopita mbele ya mlango unaitwaje. Tunawafundisha binti zetu kwamba mwanamke mstaarabu ni yule asiyetoka jasho. Kisha wakifika miaka thelathini, ngazi za ghorofa mbili zinawashinda, tunasema ni uzazi.

Wala hatusemi kila mwanamke apande kila kilima. Mwenye mimba changa, mwenye maradhi, anayenyonyesha mtoto mdogo, ana udhuru na Mwenyezi Mungu anaujua. Msitu wenyewe una hatari zake. Usiingie bila kiongozi anayeujua na bila maji ya kutosha. Mvua kubwa ikija rudini, na usiende bila mahram wako. Asiyependa tu, naye ana haki ya kukaa na kikombe chake cha chai. Ugomvi wetu ni mmoja: aulizwe. Kubaki kuwe ni kwa kuchagua kwake, kama bibi alivyochagua alipofika pale alipofika. Kusiwe ni kazi aliyopewa kabla hajafungua mdomo.

Bibi harusi watarajiwa, hili ni lenu zaidi. Kwetu dukani mnakuja na orodha: nguo ya nikahi, ya singo, ya kupamba, ya ukumbi, ya kutolewa nje. Mtu ana nguo saba za kukaa, na hana hata moja ya kutembea na mume wake. Mnaulizana na wachumba rangi ya mapambo na idadi ya wageni. Muulize na hili, kwa adabu, mbele ya wazee: "Tukisafiri, nani atakaa na mabegi?" Akicheka, cheka naye, lakini subiri jibu. Jibu lake litakueleza mengi ya miaka ishirini ijayo kuliko ukubwa wa mahari. Mwanamume atakayesema "tutayaweka hotelini, twende sote" mshukuru Mola wako.

Na nyinyi wenye watoto wa kiume, mfundisheni kijana abebe begi la dada yake na amsubiri kwenye ngazi. Mume mwema hatoki dukani, anatoka kwenye nyumba zetu.

Tuliporudi Unguja, Jumapili ya pili, bibi alitupigia simu. Maisha yake yote amekuwa akipita barabara ya Jozani akienda Makunduchi kwa jamaa zake. Ameiona ile miti kutoka dirishani mwa gari tangu msichana. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na wale kima punju watu wanavuka bahari kuja kuwaona kwa sababu ni wa Zanzibar tu. Bibi hajawahi kuingia hata siku moja. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa kila mara anawahi kufika kupika.

Alituambia maneno machache: "Nimewavalia raba. Mnanipitia saa ngapi?"

Tukaenda sote. Binti alitangulia, mkoba wake mgongoni mwake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia akae na mama, kwa sababu mama yake alikuwa nyuma yake njiani.

Mwenyezi Mungu atujaalie waume wanaotuuliza, watoto wa kike wanaothubutu, na miguu yenye afya ya kuitazama ardhi Yake kabla hatujarudi ndani yake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.